Kutoka Utawani Hadi Barabarani: Safari ya Kimya cha Waingereza

Katikati ya karne ya 11, wamonaki wa Canterbury, kusini mashariki mwa Uingereza, walikuwa na ishara 127 za mikono. Aliyetaka maziwa mezani alikivuta kidole cha mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu anayekamua. Aliyetaka asali aliweka kidole kwenye ulimi. Palikuwa na ishara ya mshumaa, ya kitabu, ya abati, hata ya nguo za ndani, kwa kuwa kanisani, mezani na bwenini kusema kulikatazwa. Orodha hiyo iliandikwa kwa Kiingereza cha kale, na hati yake ingali London, katika Maktaba ya Uingereza.

Waingereza wa siku hizo walikiita kimya swige, neno lao la asili, ndugu wa neno ambalo Wajerumani wanalo hadi leo. Mwaka 1066 William wa Normandy alivuka bahari na jeshi lake, akaitwaa nchi, na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa kwa vizazi vingi. Maneno mengi ya kienyeji yalikufa baada ya hapo, na swige likawa mojawapo. Nafasi yake ilichukuliwa na "silence", lililozaliwa na neno la Kilatini silentium na kupitia Kifaransa.

Neno hilo jipya liliingia kwa mlango wa dini. Miongoni mwa maandishi ya mapema ya Kiingereza yanayolitumia ni Ancrene Wisse, mwongozo uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 13 kwa ajili ya wanawake watatu wa tumbo moja waliojitenga na dunia. Wanawake wa namna hiyo waliishi katika chumba kidogo kilichoshikana na ukuta wa kanisa, na waliapa kubaki humo hadi kufa. Mwongozo haukuwaruhusu kufuga mnyama yeyote isipokuwa paka, na uliwapangia siku za kunyamaza, Ijumaa ikiwemo. Leo mwalimu wa Uingereza hulitamka neno lilelile anapotaka darasa litulie, na hakuna anayelisikia kama jambo la Mungu.

Hata hivyo, swali lililokuwa mbele ya wanawake wale halijazeeka. Mtu anaponyamaza mbele ya Muumba wake, anafanya nini hasa? Je, anatoa kitu, au anazuia kitu tu kisitoke?

Warumi walikuwa na vitenzi viwili vya jambo hili. Tacere kilimhusu mtu: ana kinywa, ana la kusema, lakini hasemi. Silere kilielekea zaidi kwenye utulivu wa mambo yenyewe, kama usiku, msitu na bahari. Washairi waliweza kuvichanganya, lakini tofauti ilisikika. Asili ya silere haijathibitika, ila wanaisimu wamekilinganisha na kitenzi cha Kigothi, anasilan, kilichomo katika tafsiri ya Injili ya karne ya 4 inayohusishwa na Askofu Wulfila. Kinapatikana katika sura ya 4 ya Marko, pale Yesu anapoikemea dhoruba ziwani. Upepo ulipokoma, Wagothi walisoma kitenzi hicho.

Ulinganisho huo una uzito kwa mwenye kutafakari. Kufunga kinywa ni kazi ya dakika moja, na mtu anaweza kukifunga huku moyoni mna hesabu za deni, hasira za jana na hila za kesho. Utulivu wa ziwa baada ya dhoruba ni jambo jingine. Huo hauamriwi na anayeuhitaji. Humjia akiwa ameungoja.

Benedikto wa Nursia alizijua hali hizo mbili. Kanuni yake ya karne ya 6 ndiyo inayoongoza abasia za Wabenedikto mpaka leo, zikiwemo Peramiho na Ndanda kusini mwa Tanzania. Sura ya 6 inahusu uchache wa maneno, na inamfundisha mtawa kwamba hata neno jema huweza kuachwa. Sura ya 42 inahusu kimya cha usiku: baada ya sala ya mwisho ya siku, yeyote asiseme. Lakini sura hiyohiyo inaacha mlango wazi. Wageni wakifika usiku, kimya kinavunjwa ili wapokewe. Na neno la kwanza kabisa la Kanuni nzima ni amri ya kusikiliza. Kwa Benedikto, basi, kimya hakikuwa mwisho wa safari. Kilikuwa njia ya sikio, na mgeni aliyebisha hodi gizani alikuwa na haki kubwa kuliko sheria ya kunyamaza.

Waislamu wanaujua mpango huo kwa njia yao. Katika Sura Maryam, Bibi Maryam anaelekezwa aweke nadhiri ya kutosema na mtu siku hiyo, na anapowarudia watu wake akiwa na mtoto, anamwashiria mtoto tu. Ndipo mtoto anapozungumza na kumtetea. Kimya cha mama kinampisha anayepaswa kusikika. Na katika sala ya Ijumaa, kwa mujibu wa hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, anayemwambia mwenzake anyamaze wakati wa hotuba naye amefanya upuuzi. Hata neno la kutetea kimya linahesabiwa kuwa kelele, kwa sababu wakati huo ni wa kusikiliza.

Kati ya 1536 na 1540, Mfalme Henry VIII alizifunga nyumba za watawa za Uingereza na kuzichukua mali zao. Kimya kilichokuwa kimelindwa na kuta kwa karne nyingi kikakosa makao. Kanisa jipya la taifa lilijengwa juu ya maneno: sala zilizochapwa, mahubiri marefu, Biblia iliyosomwa kwa sauti. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kimya kupata makao mengine, na safari hii hakikuwa cha watawa. Kilikuwa cha wafumaji, wakulima, watumishi wa nyumbani na wake zao.

George Fox, mtoto wa mfumaji aliyezaliwa 1624 katika jimbo la Leicestershire, alizunguka nchi akifundisha kwamba nuru ya Kristo imo ndani ya kila mtu na haihitaji mtu wa kati. Mwaka 1650 alifikishwa mbele ya mahakimu wa Derby kwa kosa la kukufuru. Aliwaambia watetemeke mbele ya neno la Mungu. Hakimu mmoja akamdhihaki kwa kuwaita yeye na wenzake "Quakers", yaani watetemekaji. Wao wenyewe walijiita Marafiki. Jina la kejeli lilishika, na watu ambao dunia ingekuja kuwajua kwa utulivu wao wakabaki na jina la kutetemeka.

Ibada yao ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kufanya. Chumba kitupu, mabenchi, hakuna altare, hakuna kasisi, hakuna kitabu cha sala. Watu wanaketi na kungoja. Aliyeguswa na neno anasimama, analisema kwa ufupi, anaketi, na kimya kinarudi. Huweza kupita saa nzima pasipo mtu kufungua kinywa. Mwishoni wanapeana mikono na kuondoka. Hivyo ndivyo Marafiki wengi wa Uingereza wanavyoabudu hata sasa.

Robert Barclay, Mskoti msomi aliyejiunga nao akiwa kijana, alikiandikia kimya hicho utetezi wa kiteolojia, kwa Kilatini mwaka 1676 na kwa Kiingereza mwaka 1678. Alieleza kwamba hakuvutwa na hoja. Aliingia katika mikutano ya watu walionyamaza, akahisi humo nguvu ya siri iliyomgusa moyo, ubaya ukidhoofika ndani yake na wema ukiinuliwa. Kwa maelezo ya Barclay, kimya cha pamoja si jumla ya watu hamsini waliofunga vinywa. Wakingoja kwa nia moja, kinatokea baina yao kitu ambacho hakuna hata mmoja wao angekipata peke yake.

Kuna tunda moja la kimya hicho ambalo halitajwi vya kutosha. Mahali ambapo hakuna aliyepangiwa kusema, yeyote anaweza kusema. Wanawake, waliozuiwa kuhubiri katika makanisa mengine ya nchi hiyo, walisimama katika mikutano ya Marafiki na kunena. Mwaka 1666 Margaret Fell alichapisha kitabu kizima cha kuitetea haki hiyo kwa Maandiko, na alikiandika akiwa kifungoni kwa ajili ya imani yake. Kuondolewa kwa mhubiri mmoja kuliwafungulia nafasi watu ambao mimbari ilikuwa imewafunika.

Lakini kimya kina upande wa pili, na Marafiki hao hao ndio wanaoufundisha vizuri kuliko wengine, kwa sababu waliuishi.

Tarehe 18 Aprili 1688, ng'ambo ya bahari huko Amerika, katika Germantown karibu na Philadelphia, wanaume wanne waliandika waraka wa kupinga biashara na umiliki wa watumwa. Waliupeleka kwenye mkutano wa mwezi wa Marafiki. Mkutano wa mwezi ukaona jambo ni zito mno, ukaupandisha kwenye mkutano wa robo mwaka. Mkutano wa robo mwaka ukaupandisha kwenye Mkutano wa Mwaka. Mkutano wa Mwaka haukutoa uamuzi. Wengi wa wakubwa waliokuwa wakiketi kwa utulivu kwenye mabenchi yale walikuwa na watumwa nyumbani. Waraka uliwekwa kando, ukasahaulika mpaka ulipogunduliwa tena mwaka 1844.

Miaka hamsini baada ya waraka huo, mwaka 1738, Benjamin Lay aliingia katika Mkutano wa Mwaka uliofanyika Burlington, New Jersey. Alikuwa mtu mfupi sana mwenye kibiongo, baharia wa zamani aliyeishi Barbados na kuyaona mateso ya watumwa wa mashamba ya miwa kwa macho yake. Chini ya koti alificha upanga na kitabu kilichochimbwa katikati, ndani yake mna kibofu cha mnyama kilichojaa maji mekundu ya matunda ya porini. Alisimama, akatangaza hukumu ya Mungu juu ya wenye watumwa, akakichoma kitabu kwa upanga. Maji mekundu kama damu yakawarukia waliokaa karibu. Alitolewa nje, na Marafiki wakamkana.

John Woolman alikwenda kwa njia nyingine. Alikuwa fundi cherehani wa Mount Holly, New Jersey. Akiwa kijana karani, tajiri wake alimwagiza aandike hati ya kumuuza mwanamke Mweusi. Aliiandika, na dhamiri haikumwacha. Alitembea nyumba kwa nyumba kwa wenye watumwa, akakaa nao, akanyamaza nao, kisha akawaambia aliloona kuwa kweli. Alipolala katika nyumba inayohudumiwa na watumwa, alitoa malipo kwa kazi waliyomfanyia. Mwaka 1758 alisema mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia, akisisitiza kwamba kilio cha walioonewa kimemfikia Mungu na kwamba kuahirisha uamuzi ni kosa. Safari hii mkutano ulisikia. Uliteua watu wa kuwatembelea wenye watumwa na kuwasihi wawaachie huru, na waliozidi kununua au kuuza watu wakatengwa na mashauri ya jumuiya. Lay, mzee na mgonjwa, alipata habari hizo kabla ya kufa mwanzoni mwa 1759. Mwaka 1776 mkutano huo ulifika mwisho wa njia: Rafiki mwenye mtumwa hakuwa Rafiki tena.

Hapo jibu la swali la mwanzo linaanza kupata sura. Kwa miaka sabini, kutoka 1688 hadi 1758, chumba kilekile na mabenchi yaleyale vilikuwa na kimya cha aina mbili. Kimoja kilikuwa cha watu wanaongoja wasikie. Kingine kilikuwa cha watu wasiotaka kusikia. Kwa anayetazama kutoka dirishani, vilifanana kabisa. Kilichovitenganisha ni kile kilichotokea sauti ya aliyeonewa ilipobisha hodi: je, ilifunguliwa mlango, kama wageni wa Benedikto, au ilipandishwa kutoka mkutano mmoja hadi mwingine mpaka ichoke?

Na pasiwe na wa kudhani kwamba kipimo hicho kinawahukumu wenye kuabudu kwa sauti. Mwaka 1902 wamisionari watatu wa Marafiki kutoka Marekani, Arthur Chilson, Edgar Hole na Willis Hotchkiss, walianzisha kituo cha Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Marafiki waliowatuma walikuwa wamekwisha kuchukua desturi ya nyimbo na mahubiri, na hiyo ndiyo ibada iliyoota mizizi kati ya Waluhya. Mwaka 1927 uamsho ulizuka Kaimosi, watu wakiungama hadharani na kuomba kwa sauti kuu. Misheni iliuzuia, na baadhi ya waumini wakaishia kuunda makanisa yao. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, zaidi ya laki moja, na makanisa yao yanaimba. Mwezi Januari 2008, nchi ilipokuwa ikichinjana baada ya uchaguzi, viongozi wao walikutana Kakamega kupanga kazi ya upatanisho, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa kuwaketisha majirani waliojeruhiana ili kila mmoja amsikilize mwenzake. Walichokitafuta wafumaji wa karne ya 17 kwa kunyamaza kilikuwepo pale.

Safari ya kimya cha Waingereza ilifika barabarani mwaka 1918, na ilifika kwa njia ya Afrika. Tarehe 14 Mei mwaka huo, wakati vita vikuu vikiendelea, Meya Harry Hands aliwataka watu wa Cape Town wasimame kila siku baada ya mzinga wa saa sita mchana, wawakumbuke waliokufa na walio vitani. Tramu zilisimama, wanaume wakavua kofia, mpiga tarumbeta akapiga wimbo wa maombolezo. Sir Percy FitzPatrick, ambaye mwanawe aliuawa Ufaransa Desemba 1917, aliona jinsi watu walivyotulia, na vita vilipokwisha alipeleka pendekezo London. Mfalme George V alilikubali. Tarehe 11 Novemba 1919, saa tano asubuhi, viwanda, treni na masoko ya Uingereza vilinyamaza kwa dakika mbili. Neno lililowafunga wanawake watatu chumbani sasa lilikuwa la taifa zima, wenye dini na wasio na dini.

Kimya hicho kilikuwa cha kweli. Mama aliyesimama barabarani siku ile akimlilia mwanawe hakuwa akiigiza. Hata hivyo, ndani yake kulikuwa na watu wasiosikika.

Katika vita vya Afrika Mashariki, majeshi ya Waingereza yalipokuwa yakimfukuza Jenerali Lettow-Vorbeck wa Wajerumani kutoka mito ya kaskazini hadi ng'ambo ya Ruvuma, mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe. Mizigo ikapandishwa kwenye vichwa vya watu. Mamia ya maelfu ya wanaume, wengi wao kwa kulazimishwa, walichukuliwa kutoka vijiji vya Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasaland na kwingineko. Walikufa zaidi kwa kuhara, homa, njaa na uchovu kuliko walivyokufa kwa risasi. Jina la kikosi chao cha wapagazi lipo katika vinywa vya watu kila siku: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimeitwa kwa ajili yao. Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa zilipata sanamu za askari na wapagazi, na maandishi ya sifa, Kiswahili kikiwemo. Majina ya marehemu hayakuandikwa.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya uchunguzi wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliofia majeshi ya Uingereza katika vita vile hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Wamisri. Ripoti ilieleza sababu bila kuficha: wakuu wa wakati huo waliamini kwamba Waafrika hawakufikia kiwango cha ustaarabu cha kuthamini kaburi na jina. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Kwa miaka mia moja, kila tarehe 11 Novemba, dakika mbili zilizowekwa kwa ajili ya kukumbuka zilikuwa pia dakika za kutowataja watu hawa.

Kwa hiyo mwenye kuuliza kama kimya ni ibada hawezi kujibiwa ndiyo au hapana. Kimya kinachompisha mwingine, awe Mungu, mgeni wa usiku, mwanamke aliyezuiwa mimbari au mtumwa asiye na wakili, kinastahili heshima ambayo watawa walikipa. Kimya kinachomzika mtu akiwa hai, au kumzika mara ya pili akiwa amekufa, ni dhambi hata kikifanyika kanisani, huku watu wamevua kofia. Dini zote zilizotajwa hapa zinao uwezo wa kukitambua kile cha kwanza, na zote zimewahi kukivumilia cha pili.

Januari 2025, katika bustani ya Company's Garden jijini Cape Town, ilifunguliwa kumbukumbu ya wafanyakazi Weusi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700 waliofia vita hivyo hapa barani bila kaburi linalojulikana. Kila mmoja ana nguzo yake ya mti wa mvule, yenye jina lake na tarehe aliyokufa. Wapagazi wa Kenya na Tanzania bado wanangoja. Majina yao hayamo katika daftari za jeshi peke yake. Mengine yamo katika nasaba za koo, katika majina waliyorithishwa wajukuu, katika masimulizi ya wazee kuhusu yule aliyechukuliwa na Wazungu asirudi. Msomaji ambaye ukoo wake una mtu wa namna hiyo amuulize mzee aliyebaki, aliandike jina, kijiji na jinsi alivyoondoka, na kuipeleka karatasi hiyo kwenye nyaraka za taifa, msikitini, kanisani au shuleni, mahali popote ambapo itasomwa kwa sauti.